Bujumbura Haihitaji Kuletewa Kiswahili

Imekuwa desturi, kila walimu na wataalamu wa Kiswahili wakutanapo katika mji ulio mbali na pwani, kuufunga mkutano kwa azimio la kukieneza Kiswahili mahali hapo. Azimio husomwa kwa sauti kubwa, hupigiwa makofi, kisha wajumbe huenda kufunga mizigo yao. Sina ugomvi na maazimio. Lakini azimio la namna hiyo lipitishwapo Bujumbura, mji uliosema Kiswahili tangu ulipokuwa kituo cha askari wa Kijerumani kando ya ziwa, yafaa tusimame kidogo tuulizane: ni kitu gani hasa tunachokieneza, na tunamwenezea nani?

Nasema haya nikiwa mmoja wa waliokwenda. Mkutano niliouhudhuria haukuwa mbaya kuliko mingine, wala sitautaja, maana kasoro zake ni za mikutano yetu yote. Wajumbe tulilazwa katika hoteli za Rohero na za kando ya ziwa. Hotuba ya ufunguzi ilisomwa kwa Kifaransa, ikafasiriwa kwa Kiingereza. Kiswahili, ambacho ndicho kilichotukusanya, kilipata salamu mwanzoni na shukrani mwishoni. Mada kadhaa kuhusu mustakabali wa Kiswahili zilitolewa kwa Kiingereza na watu waliozaliwa katika Kiswahili. Siku ya mapumziko basi lilitupeleka kuwatazama viboko penye mlango wa mto Rusizi, kisha likatupeleka kusini mwa mji, yapata kilomita 10, kulitazama jiwe la Mugere. Mtaa wa Buyenzi haukuwamo katika ratiba, ijapokuwa mtu atokaye katikati ya mji hufika huko kwa miguu bila kumaliza nusu saa.

Hilo jiwe nalo lina funzo lake. Limeandikwa majina mawili, Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe ya Novemba 1871. Wazungu wale walifika pale kwa chombo kutoka Ujiji. Waliowapigia makasia na kuwaongoza walikuwa watu wa Ujiji na wa misafara ya Unguja, na lugha ya misafara hiyo ilikuwa Kiswahili. Majina yao hayako juu ya jiwe. Wajumbe wa Kiswahili tulishuka basini, tukajipanga, tukapigwa picha tukiwa tumeyazunguka majina ya wale wawili, tukapanda tena. Sikumsikia hata mmoja aliyeuliza habari za wapiga makasia.

Kiswahili hakikufika Bujumbura kwa azimio. Kilifika kwa maji. Kabla ya Wajerumani, wafanyabiashara wa Ujiji walikuwa wamekwisha kuzizoea pwani za kaskazini za Ziwa Tanganyika, wakitafuta pembe na, tusifiche, watu. Muhammad bin Khalfan, yule aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alijaribu kuitia Burundi mkononi mwake, na watu wa Mwami Mwezi Gisabo wakamzuia. Asimuliaye habari za Kiswahili katika nchi ile bila ya sura hiyo anasimulia nusu, na Warundi wanaijua nusu anayoificha. Kisha wakaja Wajerumani, wakajenga kituo chao Usumbura (ndilo jina la mji hadi wakati wa uhuru wa 1962), na pamoja nao wakaja askari, makarani, matarishi na wachuuzi waliosemezana kwa Kiswahili: watu wa Manyema, wa Ubwari, wa Ujiji, wa Tabora. Waarabu wakafungua maduka, na Wahindi na Wagiriki vilevile. Mwaka 1916 Wabelgiji wakawafukuza Wajerumani. Mji ukabakia na lugha yake.

Wala bandari haikunyamaza baada ya hapo. Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, na mwaka 1921 Waingereza waliwapa Wabelgiji maeneo katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga 1 kwa mwaka, ili shehena za Kongo na za Ruanda-Urundi zipite bila kizuizi. Watawala wawili walipatana kwa lugha zao. Waliobeba mizigo walipatana kwa Kiswahili. Hata leo bidhaa huteremshwa Bujumbura kutoka Kigoma, kutoka Kalemie na Uvira upande wa Kongo, na kutoka Mpulungu upande wa Zambia, na pale gatini nahodha wa Kigoma, mchukuzi wa Buyenzi na mwenye mzigo wa Kalemie hawahitaji mkalimani. Mjumbe atakaye kuona Kiswahili kikifanya kazi ya lugha ya mataifa, ile kazi tuiandikiayo mada kila mwaka, na aamke mapema aende bandarini kabla ya kifungua kinywa cha hotelini.

Sasa tuingie Buyenzi. Wabelgiji waliupanga mji kwa rangi na asili: Wazungu kwao, Waasia kwao, na Waafrika wa mjini wakawekwa Buyenzi na katika mtaa ulioitwa Belge, ambao leo ni Bwiza. Barabara zikapewa namba badala ya majina. Shule zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na mzazi Mwislamu aliogopa kumpeleka mwanawe mahali ambapo angerudi na jina jingine. Kwa hiyo watoto wa Buyenzi walijifunza udereva, ufundi wa magari, ushonaji na biashara, wakati watoto wa wengine walijifunza Kifaransa na kupata kazi za serikali. Ndiyo sababu hata sasa gari likiharibika Bujumbura husukumwa kuelekea Buyenzi, na ndiyo sababu vilevile Kiswahili kilikuwa lugha ya ufundi na ya soko, hakikupata kuwa lugha ya ofisi. Soko kuu la mji lilipoteketea tarehe 27 Januari 2013, biashara nyingi zilikimbilia masoko ya mitaani, likiwamo lile la Ruvumera hapo hapo Buyenzi, na wanunuzi wa kila kabila na kila dini wakalifuata.

Kwa Kirundi cha mtaani, kumwita mtu Mswahili kwaweza kuwa na maana ya kumwita mjanja asiyeaminika. Wageni kutoka pwani husikitika waelezwapo jambo hili, nami nashangaa kwa nini wasikitike, maana Dar es Salaam nako neno Uswahilini hutamkwa kwa kukunja pua, na "mambo ya Kiswahili" si sifa. Dharau hiyo tunaijua kwetu. Tofauti ni kwamba Bujumbura dharau hiyo iliwagusa watu katika uraia wao: Mswahili alihesabiwa kuwa mgeni katika mji ambao babu yake aliujenga.

Na mgeni huyo ndiye aliyekuwa pamoja na Mwanamfalme Louis Rwagasore alipoanza kazi ya siasa. Alipoanzisha ushirika mwaka 1957, na baadaye alipokiongoza chama cha UPRONA, miongoni mwa waliomuunga mkono mapema walikuwa Waswahili wa Bujumbura, wafanyabiashara na madereva, ambao hawakuwa na cha kutarajia kutoka kwa Mbelgiji. Rwagasore aliuawa kwa risasi tarehe 13 Oktoba 1961, akiwa katika hoteli ya Tanganyika ufukoni mwa ziwa, na aliyempiga risasi alikuwa Mgiriki mkazi wa mji. Wajumbe wetu hula mukeke wa kuchoma katika ufuko huo huo. Mukeke ni samaki mtamu, simnyimi mtu haki yake. Lakini ni ajabu kwa walimu wa lugha kukaa siku nne mahali hapo wakijadili "nafasi ya Kiswahili katika ukombozi wa Afrika" pasipo kutaja kwamba ukombozi wa nchi waliyoketi ndani yake ulihutubiwa, kwa sehemu, kwa Kiswahili, katika mitaa iliyo nyuma ya hoteli zao.

Alasiri moja, wenzangu wakiwa katika kikao cha istilahi, nilikwenda Buyenzi. Fundi mmoja wa magari, mzee wa makamo, aliiona beji niliyovaa shingoni akaisoma polepole. "Kumbe muko na mkutano wa Kiswahili, Mwalimu," alisema. "Ni wa kutupatia ao wa kutuondolea?" Nilimjibu kwamba ni wa kukuza. Akacheka, akamwambia kijana wake amletee mgeni kiti, akasema: "Sisi tuko nakisema tangu babu zetu. Mukuze, lakini mutuulize."

Najua atakachosema msomaji mwenye kalamu nyekundu: kwamba hicho si Kiswahili sanifu. Ni kweli, sicho. Lakini tusimpe Mrundi habari za usanifu kana kwamba zilishuka mbinguni. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya lahaja ya Unguja na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930, na nchi zilizokaa katika kamati hiyo zilikuwa Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda, yaani nchi zilizokuwa chini ya Mwingereza. Ruanda-Urundi haikuwa na kiti. Mpaka uliowatenga watu wa Buyenzi na usanifu haukuwa mpaka wa lugha. Ulikuwa mpaka wa wakoloni wawili. Sisi twasema ofisi kwa kuwa tulitawaliwa na Mwingereza; wao husema biro kwa kuwa walitawaliwa na Mbelgiji. Letu limeingia katika kamusi, lao huitwa uchafuzi. Sisi twasema lori, wao kamiyo. Na neno shule, ambalo mwalimu hulitamka kila siku ya kazi, tulilichukua kwa Mjerumani, ambaye aliwatawala wao pia. Ni kwa kipimo gani mkopo wa Kijerumani uwe halali na mkopo wa Kifaransa uwe haramu?

Sisemi darasani pafundishwe kila mtu asemavyo. Mtoto wa Bujumbura atakayefanya mtihani, atakayesoma gazeti la Dar es Salaam au sheria ya Jumuiya, anahitaji Kiswahili sanifu, na mwalimu asiyempa anamdhulumu. Nasema kwamba mwalimu huyo aanze kwa kukijua kile mtoto alichokuja nacho. Mwenye kusema "niko nafanya" hana haja ya kufundishwa Kiswahili. Anahitaji kuonyeshwa kwamba mahali pengine watu husema "ninafanya". Kazi ya kwanza ni ya miaka, ya pili ni ya wiki chache, na vitabu tunavyowapelekea vimeandikwa kana kwamba wote wanahitaji ile ya kwanza.

Sasa niingie katika hoja ambayo wenzangu wengi hawatapenda niiguse. Hakuna mkutano wa Kiswahili usiokuwa na mjumbe asemaye kwamba Kiswahili huleta umoja, na kwamba nchi zilizopatwa na mapigano zingesalimika kama zingekuwa na lugha moja. Maneno hayo huenda yakasikika vema mahali pengine. Kuyasema Bujumbura ni kutojua uko wapi. Burundi ina lugha moja. Takriban kila Mrundi husema Kirundi, Mhutu na Mtutsi na Mtwa, milimani na mjini. Nchi chache sana za Afrika zina bahati hiyo. Na katika lugha hiyo moja watu waliuana mwaka 1972, na tena baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi wa Oktoba 1993, katika vita vilivyoendelea zaidi ya miaka kumi. Wauaji na waliouawa walielewana kila neno. Mtu wa kutoka Nairobi au Zanzibar ambaye husimama mbele ya watu hao akawaambia kwamba lugha moja ni dawa ya vita, anawatonesha kidonda kwa ujinga wake.

Na bado katika habari za vita hivyo liko jambo linalotuhusu. Mitaa ya Bujumbura ilipogawanywa kwa damu, Kamenge ikibaki na Wahutu, Ngagara na Nyakabiga zikibaki na Watutsi, Buyenzi ulikuwa mtaa ambao kwa sehemu kubwa ulibaki na watu wa kila upande, na wengi waliokuwa wakikimbizwa walipata pa kujificha humo. Nisitie chumvi: mwezi wa Machi 1995 Bwiza na Buyenzi zilishambuliwa, watu waliuawa, na maelfu walikimbilia Zaire ya wakati ule. Lakini mtaa haukugeuka kuwa wa upande mmoja. Kwa nini? Kiswahili peke yake hakiwezi kuwa jibu, kwa sababu nimekwisha kusema lugha haizuii panga. Huko watu walikuwa wameoana, walisali pamoja, walikuwa na gereji moja na deni moja dukani, na walikuwa na jina ambalo halikuwa Mhutu wala Mtutsi: walijiita Waswahili. Jina lile lile la dharau. Nionavyo mimi, hilo ndilo jambo zito kuliko yote ambayo Bujumbura yaweza kuwafundisha wataalamu wa Kiswahili, na sijaona kikao kilichotengwa kulizungumza.

Wako Waswahili wengine ambao huruka macho yetu. Mamia ya maelfu ya Warundi walikimbilia Tanzania mwaka 1972 na baada yake. Wengi waliishi katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakalima, wakazaa, na watoto wao wakasoma kwa Kiswahili kama mtoto yeyote wa Tabora au Mpanda. Zaidi ya watu 160,000 kati yao walipewa uraia wa Tanzania. Wengine walirudi Burundi, hasa katika miaka iliyofuata 2002, na watoto wao wakaikuta shule inayofundisha kwa Kirundi na Kifaransa. Mtoto aliyekuwa akiandika insha nzuri ya Kiswahili darasa la sita akaketi nyuma ya darasa la wadogo wake akiwa bubu. Hakika hapo palikuwa na hazina ya walimu wa Kiswahili ambayo nchi ingeipata bila kulipa senti kwa mafunzo ya ng'ambo. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, Kiswahili kikaingia katika shule za msingi, na watu wakalalamika kwamba hakuna walimu! Walimu walikuwapo. Walikuwa wakiuza mawese Rumonge na kutengeneza breki Buyenzi, kwa sababu cheti chao kilikuwa cha nchi nyingine au hawakuwa na cheti kabisa.

Na serikali nayo? Sheria ya lugha ya mwaka 2014 iliweka lugha tatu rasmi za Burundi: Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Kiingereza kilipewa hadhi hiyo katika mji ambao mchuuzi wa samaki hakijui. Kiswahili, ambacho mchuuzi huyo hukisema tangu alfajiri hadi usiku, hakikupewa. Twaweza kuilaumu Burundi kwa hilo, lakini ni nani aliyewapa mfano? Mkataba wa Jumuiya ulikitaja Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano itakayoendelezwa, huku lugha rasmi ikiwa Kiingereza; ilipofika mwaka 2021 ndipo wakuu wa nchi walipoafiki kwamba Kiswahili, pamoja na Kifaransa, kiwe rasmi. Na mjumbe wa Kiswahili anayesoma mada yake kwa Kiingereza katika ukumbi wa Bujumbura anamthibitishia waziri aliyeketi mstari wa mbele kwamba sheria yake ilikuwa sawa.

Kwa hiyo nadai kwamba chama chochote cha walimu wa Kiswahili kitakachokutana tena Bujumbura kifanye walau nusu ya vikao vyake Buyenzi, na kila mada isomwe kwa Kiswahili, iwe ya sanifu au ya ziwani. Mafundi, manahodha na waalimu wa madrasa waalikwe kwenye meza ya mbele, wala wasiitwe ili kuimba mwisho wa sherehe. Nadai pia kwamba wale waliosomea makambini wasaidiwe kupata mafunzo mafupi ya ualimu na kutambuliwa, jambo ambalo vyama vya nchi jirani vyaweza kulisemea kuliko vinavyofanya sasa. Wako watakaosema kwamba hakuna fedha. Kukodi ukumbi wa hoteli kwa siku nne, pamoja na mabango na mikoba yenye nembo, ni gharama ambayo shule moja ya Buyenzi haitaifikia hata tukiipaka rangi na kuiachia viti vipya.

Juu ya yote hayo, ziandikwe habari za mtaa huo kutoka vinywani mwa wenyewe: nani alitoka Ubwari na nani Ujiji, msikiti gani ulijengwa na nani, Rwagasore alisema nini kwa Kiswahili na alisimama wapi, nani alimficha nani mwaka 1993 na 1995. Radio ya taifa imetangaza kwa Kiswahili miaka mingi na wako watangazaji wanaoujua mji nyumba kwa nyumba, wakiombwa watasaidia. Kijana aliyekuwa na miaka 18 Rwagasore alipouawa, sasa amekwisha kuvuka 80.